Tumbo lililolegea baada ya uzazi: Je, ni lazima kisu?

Huenda umewahi kukumbwa na hali hii. Mtoto wako wa mwisho amekwisha kuacha ziwa, sasa anakimbia uani na wenzake, lakini tumbo lako halijarudi mahali pake. Unaingia Soko Mugdi mjini Garissa kutafuta kitambaa, na mwuzaji, bila nia mbaya, anakuuliza mimba ni ya miezi mingapi. Unatabasamu, unalipa, unaondoka. Lakini ukifika nyumbani unajitazama na kujiuliza kama hakuna dawa.

Miaka ya nyuma mama wa aina hii angefunga guntino yake vizuri na kunyamaza. Siku hizi simu iliyo mkononi mwake inamwonyesha matangazo ya kliniki zinazoahidi tumbo bapa kwa siku moja, kabla na baada, kwa picha za kupendeza. Wengine wamefunga safari hadi Nairobi, na wenye uwezo zaidi hadi India na Uturuki. Wapo waliorudi wakiwa wameridhika. Wapo pia waliorudi na vidonda visivyopona, na wapo wasiorudi kabisa.

Wiki hii tunaeleza upasuaji wa kukaza tumbo ni nini, una aina ngapi, unamfaa nani na haumfai nani, na mambo ya kufanya kabla hujauza ngamia au kuvunja akiba ya chama kwa ajili yake.

Kwa nini tumbo hulegea

Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena, mmoja kulia na mwingine kushoto. Katikati yao kuna utando mgumu ulioishikanisha, mfano wa mshono unaounganisha vipande viwili vya nguo. Mimba inapokua, utando huo hutanuka na misuli huachana ili mtoto apate nafasi. Hilo si ugonjwa. Ni jinsi mwili ulivyoumbwa.

Baada ya kujifungua, utando hurudi polepole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia wanawake 300 wa Norway waliokuwa na mimba ya kwanza, ulionyesha kwamba wiki 6 baada ya kujifungua wanawake 60 katika kila 100 walikuwa bado na mwanya kati ya misuli. Mwaka mmoja baadaye walibaki takriban 33 katika kila 100. Yaani muda peke yake uliwaponya wengi, bila kisu.

Hao walikuwa na mimba moja tu. Kwetu hali ni tofauti. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwanamke wa Kenya huzaa kwa wastani watoto 3.4 maishani mwake. Katika kaunti ya Mandera wastani huo ulikuwa 7.7, wa juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Utando uliotanuliwa mara saba au nane, mara nyingine bila kupumzika hata miaka miwili kati ya mimba moja na nyingine, hufika mahali ukashindwa kurudi, kama mpira wa suruali uliovutwa kupita kiasi.

Mbali na misuli kuna ngozi. Ngozi iliyotanuka sana hupasuka kwa ndani na kuacha michirizi, kisha hulegea na kuning'inia. Kuna na mafuta, ambayo hukaa chini ya ngozi na mengine ndani zaidi, yakizunguka matumbo. Ni muhimu sana uelewe kwamba mambo haya matatu, yaani misuli, ngozi na mafuta, ni tofauti, na kila moja lina tiba yake. Anayekuambia kwamba tiba moja inamaliza yote bila kukupima anakudanganya.

Jipime nyumbani

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini. Weka ncha za vidole viwili kando kwa kando juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa na mabega kana kwamba unataka kuketi. Utahisi misuli ikikaza pande mbili za vidole vyako. Kama vidole viwili au zaidi vinaingia katikati kwa urahisi, misuli yako imeachana. Rudia kwenye kitovu na chini yake.

Sasa simama na ukohoe. Kama kuna kivimbe kinachochomoza kwenye kitovu au kwenye kovu la upasuaji wa uzazi, huenda una ngiri, yaani sehemu ya utumbo au mafuta ya ndani inapita kwenye tundu la misuli. Ngiri si suala la urembo. Ikiwa ngumu, ikauma, ikakataa kurudi ndani, na ukaanza kutapika, hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani utumbo ulionaswa unaweza kuoza katika muda wa saa chache.

Si kila tumbo kubwa ni la uzazi

Hapa ndipo tunapowasihi wasomaji wa Garissa, Wajir na Mandera wawe waangalifu kuliko wengine. Eneo letu lina kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na nzi wa mchanga wanaoishi kwenye vichuguu na nyufa za ardhi. Ugonjwa huu huvimbisha wengu, ulio upande wa kushoto chini ya mbavu, hadi tumbo likaonekana kubwa huku mikono na miguu ikikonda. Mgonjwa huwa na homa isiyoisha na upungufu wa damu. Asipotibiwa hufa.

Tumbo huweza pia kujaa maji kwa sababu ya ini lililoharibika au kifua kikuu cha tumboni. Huweza kuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi au kwenye ovari. Na, tusione haya kusema, huweza kuwa na mimba ambayo mwenyewe hajaijua.

Kwa hiyo kama tumbo lako linakua badala ya kubaki vile vile, kama ni gumu, kama unapungua uzito mahali pengine, kama una homa au hedhi imebadilika, usitafute daktari wa urembo. Tafuta daktari wa kawaida kwanza, na upigwe picha ya tumbo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mkaja, siku arobaini na mazoezi

Bibi zetu hawakuwa wajinga. Wanawake wa Kisomali wana siku zao arobaini za kupumzika baada ya kujifungua, afatanbah, ambapo mzazi hulishwa vizuri, huondolewa kazi nzito na hufungwa tumbo. Pwani nako mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja. Kitambaa hicho hutegemeza misuli na mgongo na kumpa mama nafuu anapotembea. Hata hivyo hakiunganishi misuli iliyoachana wala hakiyeyushi mafuta. Kikifungwa kwa nguvu kupita kiasi huzuia pumzi na kusukuma kizazi chini, jambo linaloweza kuzidisha tatizo la kuvuja mkojo. Mama aliyejifungua kwa upasuaji asifungwe kitu juu ya kidonda kabla ya kumwuliza daktari au mkunga.

Faida kubwa ya siku arobaini ni mapumziko yenyewe. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mama anayeuinua wiki ya pili baada ya kujifungua anavuta utando ambao bado haujakauka nguvu. Kama kuna jambo ambalo mume anaweza kulifanyia tumbo la mkewe bila kutumia shilingi hata moja, ni kuhakikisha maji yameletwa na mtu mwingine.

Mazoezi husaidia misuli. Anza na lile rahisi: lala chali, magoti juu, vuta pumzi, kisha unapoitoa vuta kitovu ndani kana kwamba unataka kigusane na uti wa mgongo. Hesabu hadi tano, achilia. Fanya mara kumi, asubuhi na jioni. Mazoezi ya kuketi na kulala kwa kasi, yale wanayofanya vijana kiwanjani, yaepuke mpaka mwanya upungue, kwa sababu yanaweza kuusukuma nje zaidi. Mtaalamu wa fiziotherapi katika hospitali ya kaunti anaweza kukuelekeza, na ada yake haikaribii hata kidogo gharama ya upasuaji.

Kuhusu mafuta, mambo ni yale yale ya siku zote. Chai yenye sukari vijiko vinne mara sita kwa siku, pasta na wali mchana na usiku, pamoja na kuketi dukani kutwa, huongeza kitambi. Aliyekuwa akitembea na mifugo kilomita nyingi kila siku, kisha akahamia mjini na kuendelea kula vile vile, hana budi kubadilisha mizani.

Mama wa kunyonyesha asijinyime chakula ili apunguze tumbo. Na mimba ziachane. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miezi 24 kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine.

Aina za upasuaji

Tuseme umefanya yote hayo, mwaka umepita, uzito wako umetulia, na bado ngozi inaning'inia au mwanya haujafunga. Sasa ndipo tunaweza kuzungumza juu ya kisu. Upasuaji huu si wa jana. Huko Marekani, daktari Howard Kelly wa Baltimore alieleza mwaka 1899 jinsi ya kukata ngozi na mafuta yanayoning'inia tumboni. Tangu hapo njia zimeboreshwa sana, na leo aina kuu ni hizi:

1. Kukaza tumbo lote. Madaktari huuita abdominoplasti. Mkato hupita chini kabisa ya tumbo, kutoka nyonga hadi nyonga. Ngozi huinuliwa hadi mbavuni, misuli iliyoachana hushonwa pamoja, ngozi ya ziada hukatwa, na kitovu hutolewa kwenye tundu jipya. Huchukua saa 2 hadi 5 chini ya nusukaputi. Huu ndio unaomfaa mama aliyezaa mara nyingi, mwenye mwanya na ngozi ya ziada juu na chini ya kitovu.

2. Kukaza sehemu ya chini. Mkato ni mfupi zaidi na kitovu hakiguswi. Unamfaa mtu mwembamba mwenye ngozi kidogo tu iliyolegea chini ya kitovu. Ni wachache miongoni mwa waliozaa mara sita wanaofaa kwa aina hii, hata kama bei yake inavutia.

3. Mkato uliorefushwa. Huzunguka hadi kiunoni nyuma, au huongezewa mkato wa wima katikati ya tumbo. Huwafaa waliopungua uzito mwingi sana na kubaki na ngozi pande zote. Kovu lake ni refu.

4. Kukata ngozi inayoning'inia peke yake. Hapa misuli haiguswi. Hufanywa kwa mtu ambaye ngozi imeangukia mapajani, chini yake kuna jasho, vipele na vidonda visivyokauka. Katika joto la Garissa linalopita nyuzi 35, hali hiyo ni mateso. Huu huhesabiwa kuwa tiba kuliko urembo.

5. Kunyonya mafuta. Bomba jembamba huingizwa kwenye matundu madogo na kufyonza mafuta yaliyo chini ya ngozi. Haukazi ngozi wala haushoni misuli. Mwenye ngozi iliyolegea akinyonywa mafuta tu, ngozi huweza kulegea zaidi, mfano wa gunia lililopunguzwa nafaka. Wala hauondoi mafuta ya ndani yanayozunguka matumbo, ambayo ndiyo yenye hatari kubwa kwa moyo na kisukari.

6. Kutengeneza ngiri. Hii si kazi ya daktari wa urembo peke yake. Daktari wa upasuaji wa kawaida huifanya, na hufanyika katika hospitali kubwa za umma kama Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa. Kwa wengi wanaolalamikia tumbo, kumbe hiki ndicho walichohitaji. Na kwa kuwa ngiri ni ugonjwa, ni rahisi zaidi kupata usaidizi wa bima.

Elewa jambo hili: hakuna hata mmoja kati ya hizi ulio njia ya kupunguza uzito. Daktari mwema atakuambia upunguze kwanza, kisha urudi.

Nani asifanyiwe

Anayetarajia kuzaa tena asubiri. Mimba baada ya upasuaji si haramu kiafya, lakini itanyoosha tena kile ulicholipia kishonwe. Hapa ndipo mazungumzo na mume yanapohitajika kabla ya mazungumzo na daktari. Mama aliyeficha mpango wake, akapasuliwa, kisha nyumbani akatarajiwa kubeba mimba mwaka ufuatao, amepoteza fedha na amejitia hatarini bure.

Asubiri pia anayenyonyesha, na aliyejifungua chini ya miezi 6 hadi 12 iliyopita. Mwenye kisukari au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mwenye upungufu wa damu, mwenye ugonjwa wa moyo, na aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni, wote hawa wanahitaji kutibiwa na kuchunguzwa kwanza. Mwenye unene uliopita kiasi huwa na hatari kubwa zaidi ya kidonda kuachia.

Tumbaku, iwe ya kuvuta au kutafuna, hufinya mishipa midogo ya damu na kuifanya ngozi iliyoshonwa ife. Iache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Miraa na muguka huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Mtumiaji amweleze daktari wa usingizi ukweli wote. Hiki si kikao cha hukumu, bali uhai wako uko mikononi mwake kwa saa tatu.

Kuna wanaouliza upande wa dini. Wanazuoni wengi hutofautisha kati ya kuondoa madhara, kama ngiri, vidonda au maumivu ya mgongo, na kubadilisha umbo kwa ajili ya mapambo tu. Mwenye dukuduku amwulize sheikh anayemwamini, akiwa na maelezo kamili ya daktari mkononi, ili jibu lifuate hali yake halisi.

Hatari zake

Huu ni upasuaji mkubwa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 25,000 waliokazwa tumbo, uliona kwamba 4 katika kila 100 walipata tatizo kubwa lililohitaji kurudi hospitali au kutibiwa upya. Kwa upasuaji mwingine wa urembo, idadi ilikuwa chini ya 2 katika kila 100. Hatari iliongezeka kwa wanene, kwa waliopita miaka 55, na kwa waliofanyiwa upasuaji wa aina mbili au tatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayekupa ofa ya tumbo, matiti na makalio siku moja kwa bei ya punguzo hakufanyii hisani.

Matatizo ya kawaida ni maji kukusanyika chini ya ngozi, damu kuvia, kidonda kuingia usaha au kuachia, na ganzi sehemu ya chini ya tumbo ambayo huweza kudumu miezi au daima. Ngozi nyeusi huelekea zaidi kufanya makovu yaliyovimba. Kama kovu la kidonda cha zamani kwenye mwili wako limevimba na kupita mpaka wake, mwonyeshe daktari kabla.

Baya kuliko yote ni damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kisha donge hilo kusafiri hadi mapafuni. Linaweza kuua kwa dakika chache. Dalili zake ni mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata ghafla, maumivu ya kifua, au kukohoa damu. Ukiziona, usingoje asubuhi.

Haya si ya kutishana tu. Mnamo Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi kufuatia matatizo yaliyotokana na upasuaji wa urembo, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, KMPDC, likakifunga kituo alikohudumiwa. Nchi nzima ilizungumzia kisa hicho. Funzo lake kwetu ni kwamba jengo zuri na picha za kuvutia si leseni.

Umtafute nani, na wapi

Daktari anayefaa ni yule aliyesomea upasuaji wa kurekebisha maumbile, baada ya kusomea udaktari wa kawaida. Wataalamu hao ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi, ikiwemo Hospitali Kuu ya Kenyatta. Ni wale wale wanaotibu walioungua moto na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka. Fahari yao ni ya zamani: shirika la Amref, ambalo madaktari wake wa ndege wamewafikia wagonjwa wengi wa kaskazini, lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa fani hiyo hiyo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees.

Jina la kila daktari na kila kituo huwa kwenye orodha ya KMPDC, nayo iko wazi kwa umma. Chukua jina kamili ulilopewa, ulitafute, uone ameandikishwa kwa fani ipi. Mtaalamu wa ngozi, mwuguzi au msusi aliyehudhuria kozi ya wiki mbili si daktari wa upasuaji.

Gharama katika hospitali za kibinafsi ni laki kadhaa za shilingi, na kwa kawaida bima hazilipii upasuaji wa urembo. Ongeza nauli, malazi ya wewe na mtu wa kukuhudumia, dawa, na akiba ya dharura. Kama fedha zako zinatosha siku ya upasuaji tu, hazijatosha.

Maswali ya kumwuliza daktari, yaandike kwenye karatasi:

– Je, tatizo langu ni misuli, ngozi, mafuta au ngiri?
– Umefanya upasuaji huu mara ngapi, na nani atanipa usingizi?
– Kama nitazidiwa, chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi?
– Kovu langu litakuwa wapi na refu kiasi gani?
– Nani atanihudumia nikisharudi nyumbani?

Daktari anayekasirishwa na maswali haya, mwage mkono wa buriani.

Siku yenyewe

Utaambiwa ufunge. Chakula kiachwe saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla. Zingatia kwamba chai ya maziwa ni chakula, si maji. Wagonjwa wengi hunywa kikombe alfajiri wakidhani hakidhuru, kumbe kinaweza kutapikwa na kuingia mapafuni wakiwa usingizini.

Hina nyeusi na rangi ya kucha huweza kutatiza kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa katika damu, basi acha angalau vidole kadhaa vikiwa safi. Na kwa kuwa mpira wa mkojo huingizwa, mama aliyetahiriwa kwa kushonwa amdokeze daktari wa kike au mwuguzi mapema, ili maandalizi yafanyike kwa heshima.

Kupona na safari ya kurudi

Utaamka ukiwa na mirija ya kutoa maji na mshipi mpana wa kubana tumbo. Siku hiyo hiyo au inayofuata utasimamishwa utembee hatua chache, hata kama inauma, ili damu isigande. Kwa wiki moja hivi utatembea umeinama kama bibi kizee. Hilo ni la kawaida. Rukuu na sijida zitakushinda, na dini imeruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi.

Kazi nyepesi huanza baada ya wiki 2 hadi 4. Kubeba mtungi, mzigo wa kuni au mtoto mkubwa ni marufuku kwa wiki 6 au zaidi. Mshipi huvaliwa wiki kadhaa, na kwa joto letu utahitaji miwili ya kubadilishana ili jasho lisiozeshe kidonda. Upasuaji usipangwe karibu na Ramadhani, kwa sababu mwili unaopona unahitaji maji na chakula mchana kutwa.

Jambo ambalo wengi husahau ni njia. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni takriban kilomita 370, na hadi Mandera ni kama 1,000. Kuketi basini saa nyingi muda mfupi baada ya upasuaji ni kukaribisha damu kuganda. Panga kubaki Nairobi angalau wiki 2, au zaidi kama daktari atasema, karibu na aliyekupasua. Ukisafiri, shuka kila baada ya saa moja au mbili utembee, na unywe maji. Kumbuka pia kwamba mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024 mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara karibu na mji wa Garissa. Mgonjwa mwenye kidonda kibichi hapaswi kukwama ng'ambo ya maji.

Kabla ya kuondoka, omba barua ya maelezo ya upasuaji. Ukipata tatizo ukiwa Garissa, Wajir au Mandera, daktari wa huko ndiye atakayekupokea, naye hawezi kutibu asichokijua.

Neno la mwisho

Tumbo lililobeba watoto sita si aibu. Lakini pia si aibu kutaka nafuu, hasa kama mgongo unauma, ngozi ina vidonda au ngiri imetokeza. Tunachoomba ni ufuate mpangilio: pimwa kwanza ujue una nini, upe mwili mwaka mmoja na mazoezi, zungumza na mumeo kuhusu uzazi, kisha, kama bado unataka, mtafute daktari halali na uende na akiba ya kutosha.

Na wewe mume unayesoma ukurasa huu, leo jioni ule mtungi wa maji ubebe mwenyewe.